Mtambo Uliopigwa Chapa Loliondo

Tangu nistaafu mwezi uliopita, ninyi vijana wa kituo mmenijia nyumbani mara tatu mkitaka niandike ya kazini. Mnasema mnataka uzoefu. Uzoefu wangu mwingi ni wa kusubiri: kusubiri upepo utulie, kusubiri dizeli, kusubiri kibali kutoka ofisi ambayo nayo inasubiri kibali kutoka ofisi nyingine. Lakini kuna jambo moja nililolifanya ambalo hamkulisikia kwenye hotuba za kuniaga, kwa sababu waliozitoa hawakulijua. Nitaandika hilo. Ya vyeo nayaacha. Hayakuwa mengi, na hayo machache yalichelewa.

Nilianza kazi kwenye kituo cha hali ya hewa cha Karatu katikati ya miaka ya sabini. Karatu wakati huo ilikuwa bado chini ya Wilaya ya Mbulu, na lami ilikuwa habari tuliyosimuliwa na watu waliotoka Arusha. Kwetu ni Endabash. Baba yangu alikuwa mkulima, na aliposikia mwanawe ameajiriwa kupima upepo, aliuliza kama Serikali imemaliza kupima vitu vingine vyote.

Mkuu wa kituo alikuwa Mama Mushi, mwanamke mfupi kutoka Kilimanjaro, aliyevaa sweta la kijani hata siku jua lilipowaka. Asubuhi yangu ya kwanza nilimkuta mlangoni ameshika mkasi.

"Nyoosha mikono," alisema. "Kata kucha."

"Zote, Mama?"

"Kuna kidole unachotaka kukibakiza cha kupasulia puto la Serikali?"

Nikakata. Kisha akanivua saa, kalamu ya mfukoni na mkanda wenye kifungo cha chuma. Mpira wa puto, alinieleza, ni mwembamba kuliko unavyodhani na una kinyongo: ukiuparuza asubuhi unanyamaza, halafu unapasuka ukiwa kilomita kumi angani, wakati huna la kuufanya. Siku yangu ya kwanza serikalini niliimaliza nikishika puto kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili.

Mama Mushi alinifundisha mengi, lakini aliloling'ang'ania kuliko yote ni daftari la kituo. Ukikosea kuandika, hufuti. Unapiga mstari mmoja mwekundu juu ya kosa ili lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, unasaini. Kifutio kwenye kituo chake kilikuwa ni kosa la nidhamu. Mmoja wa wenzangu alihamishwa, na hadi leo naamini ni kwa sababu ya kifutio.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini alikuja Dakta Lind kutoka chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Ulaya, pamoja na makreti yaliyojaza ghala letu. Alikuwa mrefu, mpole, na miwani yake ilishikiliwa na waya wa shaba. Wiki ya kwanza watu wa Karatu walisikia kuna daktari mgeni, wakapanga foleni mlangoni na magonjwa yao. Kwa upole wake aliwagawia aspirini zake zote, sifa zikaenea hadi Oldeani, na wiki ya pili foleni ikarefuka. Ilibidi Mama Mushi atoke na kutangaza kwamba huyu ni daktari wa nyota, na kwamba hapa hakuna nyota inayoumwa.

Kazi yake ilikuwa miale ya gama. Hiyo ni miale itokayo mbali sana, na hewa huizuia isifike chini, kwa hiyo ukitaka kuipima lazima upeleke chombo juu ya hewa karibu yote. Roketi hakuwa nayo. Alikuwa na puto kubwa la plastiki nyembamba, ambalo likijaa lilizidi ukubwa wa kanisa la kwetu. Kwa nini Karatu? Alieleza kwamba karibu na ikweta sumaku ya dunia huzuia vumbi kali la angani ambalo huchafua vipimo. Mama Mushi alisikiliza maelezo yote, kisha akaniambia jikoni kwamba ikweta inapita sehemu nyingi, lakini si zote zilizo karibu na simba wa Ngorongoro.

Alichotaka kukipima kinaitwa polaraizesheni, neno ambalo Mama Mushi alikataa katakata kulitamka. Nilivyolielewa mimi ni hivi. Chukua kamba ya kuanikia nguo, ishike ncha moja uitikise. Unaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au ovyo ovyo. Miale nayo hutikisika. Kama yote inatikisika upande mmoja, kuna kitu huko ilikotoka kinachoipanga, labda sumaku kubwa isiyo na mfano. Kama inatikisika ovyo, hakuna. Dakta Lind alitaka kujua ya nyota moja iliyolipuka zamani, ambayo mabaki yake bado yanawaka. Na nyota hiyo iko katika kundi ambalo watu wa nyota huliita Fahali. Hilo sikulitunga mimi.

Mtambo wenyewe haukuwa wa ajabu kuutazama. Katikati kulikuwa na kipande cha plastiki maalumu. Kukizunguka, kwa duara, zilipangwa fuwele kumi na mbili, zimepewa namba kama saa ya ukutani. Mwale unagonga plastiki ya kati na kurukia pembeni, na fuwele iliyoupokea inatoa cheche ya mwanga ambayo inahesabiwa. Miale inayotikisika ovyo hurukia pande zote sawasawa. Iliyopangika hupendelea pande mbili zinazokabiliana na kuzinyima nyingine mbili, kwa hiyo ukichora hesabu kwenye karatasi unapata vilima viwili na mabonde mawili. Fuwele zile hazipendi baridi, zikipoa hufifia. Kwa hiyo duara lote lilivikwa povu gumu jeupe, nene kama mto wa kulalia, maana huko juu kuna baridi ambayo hata mtu wa Mbulu haijui. Na ili fuwele moja mvivu isije ikadanganya, mota ilizungusha mtambo wote polepole, kila fuwele ipate zamu kila upande.

Tatizo la puto ni kwamba halina usukani. Linakwenda linakopelekwa, kisha kamba inakatwa kwa redio, na mtambo unashuka kwa mwavuli mahali apendapo Mungu. Tulijua mahali hapo huenda pakawa Ngorongoro au Loliondo, kwa wafugaji wa Kimaasai. Kwa hiyo nilitumwa na Land Rover kwenda kufanya mikutano. Nilikuwa na picha ya mtambo na hotuba niliyoiandika mwenyewe, ndefu kidogo.

Mkutano wa Loliondo ulikuwa mnadani. Mfugaji mmoja, Parmitoro, mtu wa makamo mwenye macho ya kukagua, aliishika picha akaigeuza pande zote.

"Akianguka kwangu nimfanyeje?" aliuliza.

"Usimfungue, mzee. Asinyeshewe. Mlinde kama ng'ombe wako mwenyewe mpaka nije."

Mnada mzima ulicheka. Mimi ni Mwiraqw, ambao wao hutuita Wambulu, na kwa wasiojua, babu zetu na babu zao walikuwa na mazungumzo marefu kuhusu ng'ombe, mengi yake yakifanyika kwa mikuki.

"Tangu lini Mbulu akatuachia ng'ombe?" alisema Parmitoro. "Haya. Kama wangu mwenyewe. Umesema wewe."

Nilirudi Karatu nimejipongeza kwa mfano mzuri.

Tulirusha mara ya kwanza alfajiri moja ya Jumapili, kwenye uwanja wa ndege ndogo. Mama Mushi alipita na mkasi wake na kuwakata kucha Dakta Lind na wenzake wawili waliokuja kwa ajili ya urushaji, na hata profesa wake aliyekuja kutazama tu. Puto likapanda vizuri. Saa sita mchana upepo wa juu ukaligeuza kuelekea kaskazini, na sisi tukapata joto, kwa sababu mpaka na Kenya wakati ule ulikuwa umefungwa na puto halikuwa limeelezwa. Dakta Lind akakata kamba mapema. Mtambo ukashuka Loliondo.

Sasa kumbukeni enzi zile. Mafuta yalikuwa haba, na Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Land Rover ya mradi ilikuwa binafsi. Tuliomba kibali maalumu cha kwenda kuchukua kitu kilichoanguka kutoka mbinguni, na ofisa aliyehusika akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini tusingekiangusha Jumatatu. Jumatatu tukatafuta dizeli. Jumanne ndiyo niliondoka, peke yangu, kwa sababu Dakta Lind alikuwa Arusha akieleza habari za mpaka kwa watu waliovaa suti.

Niliukuta mtambo ndani ya boma la Parmitoro, umewekwa kivulini, juu ya ngozi kavu, umefunikwa turubai. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuukaribia. Sijawahi kuona mali ya mradi ikitunzwa hivyo, si kabla wala baada. Parmitoro alifunua turubai kwa fahari.

Kwenye ubavu wa povu jeupe kulikuwa na chapa. Alama ya ukoo wake, duara na mkia, imechomwa kwa chuma cha moto.

"Nini hiki, mzee?"

"Ulisema kama wangu. Wangu wana chapa." Alinipeleka upande wa pili, na huko pia ilikuwepo. "Upande mmoja hautoshi. Mwizi hupita upande wa pili. Lakini ngozi ya huyu ni laini mno, ero, kijana. Chuma kiliingia chote. Na alinuka vibaya."

Nilichungulia kwenye shimo. Povu lilikuwa limeyeyuka hadi kwenye bati la fuwele. Upande huu ilikuwa namba tatu. Upande wa pili ilikuwa namba tisa. Nilikaa chini. Parmitoro akaagiza niletewe maziwa, akidhani ni safari.

Ningeweza kulaumu lugha, au Jumapili, au ofisa wa kibali. Lakini maneno yalikuwa yangu, na aliyafuata yote bila kupunguza hata moja. Nilikuwa bado sina ajira ya kudumu, na mradi ulikuwa umenichukua kama fundi wake kwa mkataba wa majaribio. Njia nzima ya kurudi nilijitungia maelezo, na kufika Karatu nikawa nimepata bora zaidi: kutoeleza. Nilikata sponji ya godoro langu, nikajaza mashimo yote mawili, nikafunika kwa kitambaa na kupaka rangi nyeupe. Ilipokauka, hata mimi nilipata taabu kuona palipokuwa.

Mama Mushi alipita na daftari.

"Rangi hii ya nini?"

"Ukarabati wa nje, Mama."

Alinitazama kidogo, akaandika: ukarabati wa nje, rangi, Akonaay. Ndipo nilipoanza kulala vibaya, na si kwa sababu ya godoro lenye mashimo.

Dakta Lind alirudi, akazijaribu fuwele zote kwa kidonge chake cha kupimia, chenye kutoa miale kidogo, kilichotunzwa kwenye kopo la madini ya risasi. Zote kumi na mbili zilikuwa sawa. Nilishukuru Mungu kwa bidii iliyozidi kiwango changu cha kawaida. Hiyo ilikuwa Karatu, mchana, jua linawaka. Sikujiuliza itakuwaje kwenye baridi. Au tuseme ukweli, nilijiuliza, nikajijibu haraka.

Mara ya pili tulirusha mwezi uliofuata. Baada ya saa moja huko juu grisi ya mota iliganda na mtambo ukaacha kuzunguka, lakini uliendelea kuhesabu vizuri kwa saa sita. Ulishuka Endabash, katikati ya mahindi ya jirani yetu, ambaye alimwambia baba kwamba sasa anaelewa Serikali inapima nini: uvumilivu. Safari hii tulifika kabla ya jioni na hakuna aliyeuchoma.

Siku tatu Dakta Lind alikaa na kanda zake na karatasi za michoro. Siku ya nne alitoka akikimbia, mtu ambaye nilidhani hajui kukimbia, ameshika karatasi juu ya kichwa.

"Akonaay! Tazama!"

Nilitazama. Vilima viwili, mabonde mawili, safi kabisa. Miale ya nyota ile ilikuwa imepangika. Alisema hakuna aliyewahi kuyaona hayo kwa uwazi namna hiyo kwenye miale mikali kiasi hiki. Mota ilikufa, ndiyo, lakini hilo halikuwa na shida, kwa sababu fuwele zote zilishapimwa chini zikaonekana sawa. Alinikumbatia. Juu ya bega lake nilikuwa bado naiona karatasi, na chini ya mabonde mawili, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika tatu na tisa.

Siku hiyo hiyo tulikwenda posta, akapeleka telegramu kwao. Jibu lilirudi kesho yake: profesa angeyatangaza matokeo kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu. Mkataba wa Dakta Lind chuoni ulikuwa unakaribia kwisha, na bila matokeo usingeongezwa. Hayo aliniambia akicheka, sasa kwa kuwa hofu ilikuwa imepita. Akanunua mbuzi. Nilikula mbuzi yule, na naweza kuwaambia kwamba nyama ya sherehe ya uongo ina ladha ile ile. Tatizo linakuja baadaye.

Nilijipa tumaini kwamba huenda nyota nayo ina mabonde mahali hapo hapo kwa bahati. Siku ya tano baada ya telegramu, Dakta Lind alipowapeleka wenzake kreta ya Ngorongoro, nilikwenda kuomba barafu kwenye hoteli ya watalii, gunia zima, nikasema ni ya samaki. Karatu, samaki! Hawakuuliza. Niliuzungushia mtambo barafu pande zote sawasawa tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha nikaweka kidonge juu ya plastiki ya kati na kuhesabu. Fuwele kumi zilihesabu kama kawaida. Namba tatu na namba tisa zilishuka. Povu lilikuwa limezuia baridi kote isipokuwa nyuma ya sponji ya godoro langu. Nilirudia mara mbili. Kisha nikaimwaga barafu kwenye bustani ya Mama Mushi na kunyamaza siku tatu nyingine, kwa sababu kujua jambo ni kitu kimoja na kulisema ni kitu kingine kabisa.

Siku ya nne ilikuwa ya mnada wa Karatu. Parmitoro alikuwa ameleta madume mawili kuuza, na akapita kituoni kusalimia mali yake. Dakta Lind alifurahi mno. Huyu ndiye aliyeutunza mtambo! Akamshika mkono kwa mikono miwili na kumwongoza ghalani, mimi nikifuata nyuma kama mkalimani, maana Kiswahili cha Dakta kilikuwa bado cha salamu na chakula.

Parmitoro aliuzunguka mtambo mara moja. Akasimama. Akasugua rangi kwa kidole gumba, akaenda upande wa pili akasugua tena.

"Ero. Chapa yangu iko wapi?"

"Anasema nini?" aliuliza Dakta Lind.

"Anasema mtambo unapendeza," nikajibu kwa Kiingereza.

Parmitoro hakujua Kiingereza, lakini nyuso alizijua, hasa za watu wanaouza na kununua ng'ombe.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba umefurahi, mzee."

"Sijafurahi. Nilimweka alama pande mbili asipotee, na mtu wa kwenu amezifuta. Anayefuta chapa ni mwizi. Mwambie hivyo, kama nilivyosema, usipunguze."

Dakta Lind alikuwa amedaka neno moja. "Mwizi?" alisema kwa Kiswahili chake. "Nani mwizi?"

Kulikuwa na majibu mengi, na mkalimani ndiye mtu pekee chumbani anayeweza kuyachagua.

"Mimi," nilisema.

Nikaeleza yote: maneno yangu mnadani, chuma cha moto, godoro, rangi, barafu. Dakta Lind alikaa juu ya kreti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza jambo moja tu.

"Namba zipi?"

"Tatu na tisa."

Alivua miwani. Halafu akaniambia, "Muulize kwa nini aliweka pande mbili."

Nikamuuliza. Parmitoro akajibu kama alivyonijibu mimi, kwamba mwizi hupita upande wa pili. Nikatafsiri neno kwa neno. Dakta Lind akaanza kucheka, kicheko cha polepole ambacho hakikuwa na furaha ndani yake wala hasira.

"Mwambie angeweka moja tu, ningepata bonde moja, na ningejua siku ile ile kwamba mtambo ni mgonjwa," alisema. "Nyota haitoi bonde moja. Hutoa mawili."

Parmitoro aliposikia tafsiri alitikisa kichwa. Alisema huo ni uzembe, hakuna mtu mwenye akili anayeweka chapa upande mmoja. Kisha akadai achapwe upya, yaani mtambo, si mimi. Nikamwahidi.

Mama Mushi alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Aliweka daftari mbele yangu, limefunguliwa mahali penyewe, na kalamu nyekundu juu yake. Nilipiga mstari juu ya "ukarabati wa nje, rangi" na kuandika pembeni: chapa za ng'ombe, mbili, zilifichwa nami. Nikasaini. Alisoma, akapuliza wino, akaondoka. Wiki mbili hakuniita kwa jina.

Nitamaliza haraka yaliyofuata miaka ile. Tulirusha tena, kwa povu jipya, grisi mpya na mota iliyokubali kuzunguka hadi mwisho. Jibu la kweli likawa kwamba hatujui. Mtambo ulikuwa mdogo na nyota iko mbali, na kwa kipimo kile haikuwezekana kusema imepangika au haikupangika. Hilo nalo ni jibu, na liliandikwa, na jina langu limo mwishoni, kwenye shukrani. Mkataba wa Dakta Lind haukuongezwa. Alifundisha hesabu sekondari huko kwao miaka kadhaa kabla ya kupata tena nafasi. Mimi sikufukuzwa. Aliniandikia barua ya sifa iliyosema kwamba ni mtu wa kuaminika, na barua hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya kudumu. Nimeishi kwa barua hiyo miaka yote hii.

Lakini lazima niwarudishe siku ile ya mnada, saa tisa alasiri, kwa sababu ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko ya kustaafu.

Tulitoka ghalani moja kwa moja hadi posta. Mkutano wa wataalamu ulikuwa bado siku chache, na alitaka habari zifike kabla profesa hajapanda jukwaani. Njiani nilimwomba aandike kwamba kosa ni la fundi. Alisema fundi hakutia saini telegramu ya kwanza, na fundi hakuambiwa ajaribu fuwele kwenye baridi, kwa sababu Dakta mwenyewe hakujisumbua kuzijaribu. Nikamwomba tena. Akaniambia ninyamaze, mara ya kwanza na ya mwisho.

Posta ilijaa, watu wametoka mnadani. Karani alikuwa kijana mwenye sauti ya kanisani na tabia ya kusoma kila telegramu kwa sauti ili ahesabu maneno. Aliisoma kwa Kiingereza, kisha kwa moyo mwema akaifasiri ili ahakikishe: habari njema ifutwe, hakuna kitu tena, kosa langu, Lind. Wanaume kwenye foleni wakavua kofia. Kwetu wakati ule watu walipeleka telegramu kwa jambo moja tu.

"Pole sana, Daktari," karani alisema, na akaweka kalamu chini. "Ni mtu mzima au mtoto?"

Dakta Lind akanigeukia. Nilimtafsiria, safari hii bila kupunguza. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alifikiri, akaangalia watu waliokuwa wamevua kofia kwa ajili yake, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili.

"Mtoto."

"Alikuwa na umri gani?"

"Siku tisa."

Wakampa pole mmoja mmoja, foleni nzima, wenye vumbi la ng'ombe kwenye nguo, na yeye akaitikia kila mmoja, asante, asante, macho yakiwa yamejaa machozi. Mama mmoja mzee aliyenifahamu kwa sura alinifikia mimi pia, akanishika mkono na kunipa pole ya mfiwa. Niliipokea kwa mikono miwili, mimi niliyemuua.